Mistari Imenyooka, Msomaji Amepotea: Juu ya Fishi Zetu za Kilimo na Programu Zinazozipanga

Leo siongelei mboleo wala mbegu. Ninaongelea namna maandishi yanavyokaa ku karatasi tunayompa mkulima. Najua wengine watasema hilo ni jambo la mapambo, kazi ya kijana wa ordinatere. Mimi naona kosa la mpangilio linaweza kuharibu shauri la kilimo kuliko kosa la herufi. Kosa la herufi mkulima analitambua na kulisahihisha mu kichwa. Namba iliyohama mstari haina alama yoyote ya kusema kwamba imehama.

Nachukua fishi moja, karatasi ya A4 iliyolazwa na kukunjwa sehemu 3, inayoongelea maharagi, mahindi na muhogo. Jina la shirika sitaliandika. Fishi za namna hii ziko mingi, na hii siyo mbaya kuliko zingine. Yaliyomo ni mazuri: mwandishi anajua shamba, Kiswahili chake ni safi, picha zinaonekana. Lakini ukiifungua, maneno yamenyooka kushoto na kuume kama ukuta, na katikati ya ukuta kuna mashimo meupe. Mu aya ya pili mashimo yanafuatana toka mstari mpaka mstari, mistari 5 hivi, kama maji ya mvua yaliyochimba mtaro ku kilima kisicho na miti. Mtu anayesoma polepole, kidole juu ya karatasi, akifika ku mtaro ule anashuka nao. Anaanza mstari wa 3, anamaliza mstari wa 4.

Tabia hii inatoka ku masomo yetu. Tangu kazi ya mwisho wa masomo tunaambiwa: Times New Roman, ukubwa 12, na kujustifie, ni kusema kunyoosha maandishi pande zote mbili. Kwa kazi ile haisumbui. A4 yenye marjini ya 2,5 cm kila upande inabakiza mstari wa 16 cm, na ndani yake munaingia herufi 85 au 90 hivi. Kisha mtu anapata kazi, anaombwa fishi, na anabeba tabia ile ile mu kolone ya 8 cm, ambamo herufi hazifiki 50.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mstari wa kolone unabeba herufi 42, nafasi za katikati zikihesabiwa. Maneno 5 yameisha kuingia na yamekula 30, pamoja na nafasi 4. Neno linalofuata ni "zilizohifadhiwa", herufi 15. Ukiongeza nafasi ya mbele yake unafika 46. Haliingii. Programu inalitupa chini, inabaki na pahali 12 patupu, na kwa kuwa imeamriwa kunyoosha, inapagawa ku zile nafasi 4. Kila nafasi inaongezewa 3: inakuwa pana mara 4 kuliko kawaida. Ku mstari mrefu wa 16 cm, wenye nafasi kama 12, upungufu ule ule ungeongezea kila nafasi 1 tu, na jicho halingeshtuka sana. Kitufe ni kile kile, programu ni ile ile. Kilichobadilika ni upana wa kolone.

Na lugha yetu inazidisha jambo. Mahali Kifaransa kinatumia maneno manne kusema "qui ont été conservées", na programu inapata pahali 3 pa kukata mstari, sisi tunasema neno moja tu. Mtendaji, wakati, kirejeshi, yote ndani ya kifurushi kimoja. Hiyo ni nguvu ya Kiswahili, lakini mu kolone nyembamba inaomba msaada.

Msaada wa kwanza watu wanaoukumbuka ni kukata neno kwa kistari. Ni wazo zuri: mu mfano wetu, "zilizohi-" ingekula 10 pamoja na nafasi yake, mstari ungefika 40, na upungufu wa 2 kugawanywa ku nafasi 5 hakuna anayeuona. Lakini nani anakata? Programu inakata kwa kanuni za lugha uliyoiambia. Na ordinatere zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo maandishi ya Kiswahili yanaingia yakiwa na alama ya Kifaransa bila mtu kuomba. Kanuni ya Kifaransa inapenda kutenganisha konsonanti mbili: itakata "sham-bani", itakata "pan-dikiza". Sisi tuliosoma mba, mbe, mbi ku shule ya msingi tunajua silabi yetu inaisha kwa vokali: sha-mbani, pa-ndikiza. Msomaji anayeunganisha silabi moja moja, akikuta "sham" mwisho wa mstari, anasoma kitu ambacho hakiko, kisha anarudi nyuma. Fishi ninayoichambua iko na mikato 4 ya namna hii mu ukurasa mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa vitufe vya mpangilio, chagua maandishi yote na angalia lugha. Mu Word jina la lugha linaonekana chini ya dirisha. Mu InDesign liko pamoja na fonti na ukubwa wa herufi. Kuzima ile mistari myekundu ya chini ya maneno hakutengenezi kitu: unaficha onyo, na alama ya Kifaransa inabaki pale pale. Kama programu yako haina kanuni za kukata Kiswahili, zima ukataji wa kujiendesha kwa aya zile, kisha weka kistari cha kujificha mwenyewe pale panapohitajika: Ctrl pamoja na kistari, mu Word na LibreOffice. Kile kistari kinaonekana tu kama neno limeangukia mwisho wa mstari. Wanaopiga kistari cha kawaida wanafurahi siku ile, lakini mtu akiongeza sentensi moja juu, maneno yote yanahama. Mu fishi yetu kuna "kupali-lia" katikati kabisa ya mstari, kama jino lililovunjika. Ni alama ya mkono wa mtu aliyetengeneza kwa macho tu.

Hapa naweka neno dogo la pembeni juu ya nukta mbili. Tumezoea Kifaransa kuacha nafasi mbele yake, na Word ikiona lugha ni Kifaransa inaiweka yenyewe. Mu Kiswahili hatuihitaji. Ukiiweka kwa nafasi ya kawaida, siku moja neno "Kipimo" litabaki juu na nukta mbili zake zitaanza mstari wa chini peke yao.

Lakini kama munaniuliza mimi, kwa kolone ya 8 cm dawa siyo kukata maneno. Dawa ni kuacha kunyoosha pande mbili. Panga kushoto, acha upande wa kuume ukae vile unavyotaka. Nafasi zote zinakuwa sawa, jicho linatembea bila kuruka. Wakubwa wa ofisi wanasema haionekani "serieux". Basi tuongee historia kidogo. Gutenberg, miaka ya 1450, alinyoosha kolone za Biblia yake ya mistari 42 vizuri sana, lakini alikuwa na Kilatini chenye vifupisho vingi, na herufi za upana mbalimbali za kuchezesha mpaka mstari ujae. Sisi hatuwezi kufupisha "mahindi" ili mstari ukae. Na Eric Gill, Mwingereza aliyechora fonti ya Gill Sans, mu 1931 alitoa kitabu chake juu ya taipografia kikiwa hakikunyooshwa upande wa kuume, na mule ndani alitetea kwamba nafasi sawa kati ya maneno ina thamani kuliko ukuta ulionyooka. Huyo alikuwa fundi wa kazi yenyewe. Mkubwa wa ofisi anayetaka ukuta anatetea tu mazoea ya kazi yake ya mwisho wa masomo.

Kuna aina nyingine ya shimo, na hiyo inadanganya watu zaidi. Mu fishi kuna mstari mfupi: "Palilia mara mbili". Maneno matatu tu, yametupwa kimoja kushoto, kimoja katikati, kimoja kuume. Mpangaji atafikiri programu imeharibika. Haikuharibika. Alibonyeza Shift na Enter ili ashuke mstari bila kufungua aya mpya. Kwa programu, aya haijaisha, kwa hiyo mstari ule siyo wa mwisho, na mstari usio wa mwisho unanyooshwa. InDesign inafanya hivyo, na Word pia inaweza kufanya hivyo. Weka Enter ya kweli, shimo linakwisha. Mu Scribus kuna sababu ya pili: kitufe cha kunyoosha kiko mara mbili, kimoja kinaacha mstari wa mwisho, kingine kinalazimisha hata wa mwisho. Ziko karibu karibu, na picha zake zinafanana.

Sasa tufike ku jambo ambalo lilinifanya niandike. Nyuma ya fishi kuna orodha ya upandaji. Upande wa kushoto majina ya mazao, katikati umbali, kuume idadi ya mbegu. Maharagi 40 cm kwa 20, mahindi 75 cm kwa 50, muhogo 1 m kwa 1 m. Mpangaji hakutumia tabo wala tablo. Alipiga nafasi, nafasi, nafasi, mpaka namba zikaonekana zimesimama sawa ku ekra yake. Umbali na majina yako mu visanduku viwili tofauti vilivyowekwa kando kando. Ku ekra ilikuwa sawa. Ku karatasi, jina "Maharagi mafupi (yasiyo ya kupanda juu ya miti)" limevunjika mistari miwili, majina yote ya chini yake yameshuka mstari mmoja, na kisanduku cha namba hakikushuka. Kwa hiyo mbele ya neno "Mahindi" sasa panasomeka 1 m kwa 1 m.

Hesabu ni rahisi. Hekta moja kwa umbali wa 75 cm kwa 50 iko na mashimo karibu 26 666. Kwa 1 m kwa 1 m iko na mashimo 10 000. Mkulima aliyefuata fishi kwa uaminifu anapoteza zaidi ya nusu ya mashimo yake, na mu sezoni hiyo hakuna atakayefikiri kwamba sababu ni mabano ya neno "miti". Watasema mbegu zilikuwa mbaya, au mvua.

Kwa nini ilihama kati ya ekra na karatasi? Sababu ya fonti, ile Word ya Kifaransa inaita "police" na watoto wanacheka. Toka 2023 Microsoft iliweka Aptos pahali pa Calibri kuwa fonti ya kuanzia mu Office yake mpya. Mtu anaandika nyumbani ku mashine mpya, anabeba faili ku ufunguo wa USB mpaka ku sekretariati ya barabarani, ile inayochapisha na kupiga fotokopi. Mashine ya pale iko na Office ya 2010, haina Aptos. Haisemi kitu. Inachukua fonti nyingine, yenye herufi za upana tofauti, na mstari uliokuwa unaingia sasa hauingii. Nafasi ulizopiga kwa kidole hazina kumbukumbu: hazijui kwamba zilikuwa zinashikilia namba.

Tablo ya kweli ingekataa kosa hili. Jina likivunjika mistari miwili, chumba chake kinakuwa kirefu, na namba yake inashuka pamoja nalo, sababu ziko mu mstari mmoja wa tablo. Hata tabo ingesaidia kidogo: tabo inakumbuka sentimita, haihesabu nafasi. Na faili inayokwenda ku kuchapishwa itoke nyumbani ikiwa PDF, fonti zikiwa ndani. Kama lazima ibebwe Word, tumia Arial au Times New Roman: hata mashine yenye LibreOffice peke yake iko na Liberation Sans na Liberation Serif, ambazo upana wa herufi zake umefanywa sawa na hizo mbili.

Juu ya tabo, kuna ile inayosimamisha namba kwa koma, ili 2,5 na 12 na 0,75 zikae vitengo chini ya vitengo. Kwa vipimo vya dawa ni ya lazima, sababu jicho linaona haraka kipi ni gramu mbili na kipi ni ishirini. Watu wanaijaribu, wanaona haifanyi kazi, wanarudi ku nafasi. Sababu ni moja: programu inatafuta nukta ya Kiingereza, sisi tunaandika koma. InDesign iko na kisanduku kidogo ndani ya dirisha la tabo, andika koma pale. LibreOffice vilevile inakuuliza alama. Word inafuata nchi uliyoiweka mu Windows. Mashine iliyoletwa ikiwa ya Kimarekani itatafuta nukta mpaka ubadilishe. Na namba kama 10 000, kati yake weka nafasi isiyokatika, Ctrl, Shift na nafasi mu Word. Bila hiyo siku moja mkulima atasoma 10 mwisho wa mstari, na sufuri tatu zitakuwa zinamsubiri chini.

Mengine mu fishi ni madogo, nayapita haraka. Kichwa kiko katikati lakini siyo katikati: aya yake ilibeba ule mwingilio wa mstari wa kwanza wa 1,25 cm, kwa hiyo kimesukumwa kuume zaidi ya nusu sentimita. Ondoa mwingilio, usikisukume kwa nafasi. Visanduku vya Word navyo vina marjini ya ndani, karibu 0,25 cm kila upande, njo maana maandishi ya ndani hayalingani na ya nje hata kama mipaka imelingana. Na mistari ya kolone mbili jirani haitazamani, sababu urefu wa mstari uliachwa "automatiki": herufi moja kubwa au alama ya fonti nyingine inaingia, mstari ule unavimba, na kila kitu chini yake kinashuka. Weka urefu kamili, tuseme pointi 14, na nafasi za juu na chini ya kichwa zijumlishwe mpaka 14 au 28.

Watu wataniuliza programu gani. Word nzuri kwa raporo, mbaya kwa visanduku vingi. InDesign ndiyo yenye akili zaidi ku jambo la kunyoosha: haikati mstari mmoja mmoja, inaangalia aya nzima kabla ya kuamua, wazo ambalo Donald Knuth na Michael Plass walilieleza mu 1981 kwa ajili ya TeX. Iko hata na chaguo la kupaka rangi ya manjano mistari yenye nafasi zilizopita kiasi. Liwashe, utaona aibu ya kolone nyembamba bila mtu kukueleza. Lakini inalipiwa kwa abonema, kwa dola, na fishi ya kurasa 2 haistahili deni lile. Scribus ni ya bure, toleo la 1.6 lilitoka Januari 2024, na inatoa PDF safi. Ubaya wake ni kwamba inakuomba ujue unachotaka, na ukataji wa maneno unauamuru mwenyewe ku menyu. Mimi kwa mtu anayefanya kazi ya kilimo, ninamshauri Scribus kwa fishi za picha na LibreOffice kwa fishi za tablo.

Publisher naiweka peke yake, sababu fishi nyingi za zamani za mashirika yetu zimelala mule. Microsoft imetangaza kwamba itaacha kuihudumia mu Oktoba 2026. Mwenye iko na faili za .pub azifungue kabla, ku mashine ile ile zilikotengenezwa, na atoe PDF ya kila moja. LibreOffice Draw inaweza kuzisoma, lakini visanduku vinaweza kuhama na fonti kubadilika. Kwa hiyo mutakapozihamisha, wekeni PDF ya zamani pembeni na someni orodha za vipimo mstari kwa mstari, jina na namba yake, watu wawili, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anafuata kwa kidole.